Mama Kistari, Aliyetugawia Walimu na Wauguzi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama una mtoto anayepiga kelele, mpe kitu atafune. Leo nina mtu wa kuwakumbusha, na mtu huyu hakuwa mwimbaji, hakuwa mchezaji wa mpira, wala hakuwahi kupanda jukwaani akaomba kura. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa ofisini. Najua mmeshaanza kupiga miayo. Nivumilieni kidogo.

Jumanne ya wiki iliyopita alifariki mama mmoja mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Alifanya kazi miaka thelathini na mitano katika ofisi ya mipango. Yeye ndiye aliyebuni utaratibu wa kugawa walimu na wauguzi, mkoa gani upate wangapi, na kwa nini. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka mama aliyebuni mgao wa walimu na wauguzi. Kama mtoto wako alizaliwa kwenye zahanati iliyo mbali na lami, na akapokelewa na mikono iliyosomea kazi hiyo, huenda mama huyu alihusika, na wewe hukumjua.

Kazini walimwita Mama Kistari. Kistari ni kile kimstari kifupi kilicholala, unachokichora mahali ambapo huna la kuandika. Jina hilo lina kisa chake, na kisa chenyewe kinaanza na kosa. Kosa lake mwenyewe, na alitaka kila mtu alijue.

Kwao walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume. Mama yao alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Mdogo wake huyo leo ni mwalimu mkuu mstaafu, na aliniambia hivi: "Mama akipakua chakula, sahani ya kwanza ni ya asiyekuwepo. Kama baba yuko kazini, ya kwanza ni ya baba. Kama dada kachelewa shule, ya kwanza ni ya dada. Sisi tuliokaa pale na njaa zetu tunatazama tu. Ukilalamika, anakwambia, wewe una mdomo, mwenzio hapa hana mdomo."

Kiswahili chetu kina msemo: asiyekuwepo na lake halipo. Basi ndani ya nyumba ile msemo huo haukufanya kazi.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na mitano, chumba namba tisa. Meza sita. Dirisha moja halifungi, kwa hiyo kila karatasi ilikuwa na jiwe lake juu. Kila miezi mitatu zahanati zote na shule zote nchini zilituma fomu: wagonjwa wangapi, watoto wangapi wamefariki, wanafunzi wangapi, walimu wangapi. Makarani walizijumlisha kwa kalamu. Zahanati ikikosa kuleta fomu, karani alichora kistari. Maana yake: hatujui.

Miaka minne baadaye ikaja kompyuta, ya kwanza katika jengo lile. Iliwekewa zulia na feni, wakati makarani wenyewe walikuwa wakijipepea kwa mafaili. Sasa, kompyuta ile ilikataa vistari. Ilitaka tarakimu. Ukiipa kistari, inalia na kugoma. Makarani wakamfuata yeye, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba. "Dada, tufanyeje?" Kazi imemwelemea, mkurugenzi anataka ripoti Ijumaa. Akasema maneno mawili. "Wekeni sifuri."

Wasikilizaji wapendwa, hapo naomba tusimame. Kistari maana yake hatujui. Sifuri maana yake hakuna. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Mke wa mtu ukimuuliza mumewe yuko wapi, akakujibu sijui, huwezi kwenda kutangaza kwamba hana mume. Lakini ndivyo ilivyofanyika. Ripoti ikakamilika Alhamisi, siku moja kabla, na akapigiwa makofi mbele ya wenzake.

Wakati huo kanuni ya serikali ilikuwa nyepesi: penye wagonjwa wengi, wapelekwe wauguzi wengi. Ukiisikia unaona ni haki tupu. Kulikuwa na tarafa moja, mwendo wa siku mbili kutoka makao makuu. Muuguzi wake pekee aliugua, akaondoka kwenda kutibiwa. Hakubaki wa kujaza fomu. Miezi mitatu ya kwanza, sifuri. Mitatu ya pili, sifuri. Ofisi ikatazama, ikaona wagonjwa hakuna, watoto waliofariki hakuna, ikauliza, muuguzi wa nini? Nafasi ikahamishiwa hospitali kubwa ya mjini, ambako foleni ilitoka mpaka barabarani. Shule ya tarafa ile nayo ikapatwa na hayo hayo. Mwalimu mkuu kahamishwa, fomu hazikujazwa, wanafunzi wakaonekana sifuri, na walimu wakapunguzwa mmoja baada ya mwingine. Mwenye nacho akaongezewa.

Sasa inakuja sehemu ambayo mimi nikiisimulia sijui nicheke au nilie. Wizara ilianzisha tuzo. Tuzo ya tarafa yenye afya bora kuliko zote nchini. Mshindi akatafutwa kwenye kompyuta. Nadhani mmeshajua nani alishinda.

Na aliyetumwa kupeleka tuzo alikuwa yeye. Alipewa cheti chenye fremu ya kioo na saa ya ukutani. Akapanda lori la saruji siku ya kwanza, la pili siku ya pili, na saa nne za mwisho akatembea kwa miguu, kioo amekifunga ndani ya khanga kisivunjike. Alipofika alikuta zahanati ina kufuli lenye kutu, na majani yamefika dirishani. Barazani walikuwepo wanawake kama arobaini na watoto wao. Walisikia mgeni wa serikali anakuja, wakajua ni muuguzi. Waliamka alfajiri kuwahi nafasi. Kabla hajatoa salamu, mama mmoja akamwekea mtoto mikononi.

"Ana homa siku ya nne, dokta."

"Mimi si dokta, mama."

"Basi nesi."

"Wala si nesi."

"Sasa wewe ni nani?"

Binti yake, ambaye ni mfamasia, aliniambia: "Swali lile lilimganda mama. Hata sisi tukimtania nyumbani, tukimuuliza, sasa wewe ni nani, alikuwa anaondoka chumbani."

Pale barazani alikuwepo mwashi, mzee aliyejenga zahanati ile kwa mikono yake. Akamwomba afungue mzigo. Akafungua. Akamwomba asome, kwa sababu macho yake hayakuona vizuri. Akasoma: Tarafa Yenye Afya Bora. Kisha mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Walimcheka yeye, waliicheka serikali, na nadhani walijicheka na wao. Mwashi peke yake hakucheka. Akasema: "Wamesema kweli, mama. Hapa hatuna wagonjwa. Mgonjwa ni yule mwenye pa kwenda. Sisi mtu akishikwa na homa, ama anapona, ama tunamzika."

Aliondoka siku hiyo hiyo na yule mama na mtoto wake, kuwahi hospitali. Mtoto alifariki njiani.

Aliporudi ofisini alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa wakati ule. Mkurugenzi akamwambia kwa upole, "Binti, kuteleza si kuanguka. Andika kwamba mashine ilikuwa na hitilafu, tusonge mbele." Akajibu, "Mashine haikusema wekeni sifuri. Nilisema mimi." Akaandika ripoti kwa mkono wake, na mwanzo wake ulikuwa: kosa ni langu. Jamani, mtu anayeandika hivyo serikalini hutisha wenzake kuliko mwizi. Walimwondoa chumba namba tisa wakampeleka chini kabisa, kwenye chumba cha majalada. Akakaa huko miaka sita.

Mume wake ni fundi saa. Mzee wetu huyu hana maneno mengi, lakini hili alilisema: "Alikuwa anarudi na vumbi la mafaili mpaka kwenye kope. Nikamwambia, mke wangu, ungesema tu ni mashine, mashine haina watoto wa kulisha. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu nikaomba radhi, maana na kupika kwangu tulikuwa tunaumia wote."

Lakini kule chini ndiko zilikokuwa zile fomu za zamani, zenye vistari vyake. Akazisoma zote. Akachukua ramani na penseli, na kila penye kistari akaweka alama. Akagundua kwamba vistari vimekaa pamoja, havikutawanyika. Vilikuwa pembezoni, mbali na lami, mbali na reli, kila mwaka mahali palepale. Nchi ilikuwa na sehemu nzima ambayo haikujulikana, na kila mwaka kwa sababu haikujulikana, ikapewa kidogo zaidi.

Hapo ndipo alipoanza kuandika sera yake. Ilikataliwa mara tatu. Tangu safari ile ya cheti mpaka sera kupitishwa ilipita miaka ishirini. Nasema tena: miaka ishirini. Safari ile aliifanya akiwa na miaka thelathini na mmoja, na sera ilipopita alikuwa na hamsini na mmoja, na miwani miwili.

Sera yenyewe ilisema hivi, na nitaieleza kwa maneno ya nyumbani. Mahali pasipoleta taarifa pahesabiwe kuwa na shida kubwa kuliko pote, mpaka mtu aende kwa miguu yake akaone. Kabla ya kugawia wengine, fungu la hao litengwe kwanza. Usipeleke muuguzi mmoja peke yake, peleka wawili, maana mmoja akikosa hata wa kusemezana naye atakimbia, na huwezi kumlaumu. Nyumba iwe tayari kabla hajafika, iwe na kufuli na maji ya karibu. Akitimiza miaka mitatu, awe wa kwanza kupelekwa masomoni. Na walimu vivyo hivyo. Hakuna uchawi hapo. Ni mambo ambayo mama yeyote mwenye watoto wengi angeyasema, ila tu ilibidi yaandikwe kwa lugha ya serikali ili yaaminike.

Tarafa ile ikapelekewa wauguzi wawili, mke na mume. Baada ya miezi mitatu fomu yao ya kwanza ikafika: wagonjwa mia nne na kumi na wawili. Mkurugenzi mpya akashtuka. "Wamepatwa na nini hawa?" Akamjibu, "Wamepata muuguzi."

Mwaka huo ndipo nilipomwalika hapa studio. Nilikuwa kijana bado, na nilijiona mjanja. Kabla sijamuuliza hata swali la kwanza, yeye akaniuliza: "Redio yenu inasikika wapi?" Nikajibu kwa kujidai, "Nchi nzima, mama." Akasema, "Umekwenda ukasikia?" Wasikilizaji, tulikuwa hewani! Nikacheka kicheko cha kuficha aibu. Kesho yake nikauliza mafundi wetu, nikaambiwa kwamba tarafa ile na jirani zake wote hawakuwa wanatupata hata kidogo. Nilikuwa nimewaita wapendwa miaka yote hiyo, na hawakuwahi kunisikia.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mgao ni mgao. Walimu na wauguzi hawaoti kama uyoga baada ya mvua. Mwaka ule waliokuwepo ndio hao hao, kwa hiyo ili mmoja apewe, ilibidi mwingine apunguziwe. Orodha ikaandaliwa ya shule na zahanati zitakazotoa watumishi. Mia moja na sita. Na mojawapo ilikuwa shule ya mdogo wake.

Haikuwa shule ya matajiri, msije mkafikiri hivyo. Ilikuwa shule ya mtaa wa wafanyakazi, dakika ishirini tu kutoka nyumbani kwa dada yake. Yeye kama mwalimu mkuu aliikuta ina vioo vilivyovunjika na mahudhurio ya kusuasua, akaijenga kwa miaka tisa. Maabara ya kemia aliipaka rangi mwenyewe, likizo nzima. Orodha ikamchukulia walimu wawili, wa fizikia na wa kemia. Yule wa kemia alikuwa mboni ya jicho lake.

Na habari hiyo aliipata kwa barua. "Barua yenye mhuri," aliniambia, na ni miaka ishirini imepita lakini sauti yake ilikuwa bado na moto. "Imeanza, Ndugu Mwalimu Mkuu. Dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni, ananiandikia Ndugu Mwalimu Mkuu! Na chini sahihi yake ileile ninayoijua tangu daftari za shule."

Jumapili akaenda kwa dada yake. Fundi saa alikuwepo. Anasema shemeji yake hakukaa, na chai ilipoa mezani.

"Dada, futa jina moja tu."

"Siwezi."

"Moja. La mwalimu wa kemia. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho, yeye na wenzake mia moja na arobaini."

"Nikilifuta hilo, kesho kila mwenye dada atakuja."

"Mcheza kwao hutunzwa, dada."

"Na yule asiye na kwao, nani atamtunza?"

"Basi kuanzia leo na mimi sina kwetu. Sina dada."

Akatoka. Na hakurudi. Miaka saba, wasikilizaji wapendwa. Miaka saba ndugu wawili wa tumbo moja, mji mmoja, hawasemezani. Mfamasia alipoolewa, mjomba alikuja, akakaa safu ya nyuma, akala, akaja mbele kumpongeza. "Mjomba alinikumbatia mimi tu," anasema bibi harusi wa siku ile. "Mama alikuwa amenishika mkono wa pili. Akampita kama anayepita mlango."

Yule kijana wake alifeli kemia. Alitaka kuwa daktari. Leo ni fundi umeme, na ni fundi mzuri, hata hapa studio ameshakuja kututengenezea nyaya. Lakini siwezi kuwaambia kwamba mgao ule haukumuumiza mtu. Ulimuumiza yeye, na wenzake mia moja na arobaini. Watoto wa mbali waliokuwa hawana mwalimu kabisa walimpata. Watoto wa mtaa ule waliokuwa naye walimkosa. Mama Kistari alilijua hilo. Binti yake anasema kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka gazetini, mama alitafuta kwanza shule ya mjomba, akasoma, akakunja gazeti, akaenda kukaa uani peke yake.

Mama yao mzazi alipofariki, msiba uliwakutanisha. Wakasalimiana. Habari ya nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Lakini zilikuwa salamu za mdomoni. Lile jambo lenyewe hakuna aliyeligusa, miaka mingine kumi na mitatu.

Mwaka jana Mama Kistari alipata kiharusi. Mguu wa kushoto ukakataa, akawa wa kiti cha magurudumu. Na wiki chache zilizopita mdogo wake, mwenyewe sasa ana mvi na fimbo, akaenda kumtazama. Namwachia aseme mwenyewe:

"Nikamuuliza, dada, ningekuja leo tena kukuomba jina moja, ungelifuta? Akasema hapana. Nikamwambia, nilijua, na sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza. Ile tarafa ya cheti ulikwenda mara ngapi? Akasema, mara kumi na moja. Nikamwambia, shuleni kwangu ni dakika ishirini. Ulikuja mara ngapi?"

Binti yake alikuwa chumbani, anapanga dawa. Anasema: "Mama aliomba viatu vyake. Kisha akasema, nipelekeni."

Walikwenda Alhamisi asubuhi. Binti aliendesha gari, mdogo wake akasukuma kiti. Mwalimu mkuu wa sasa ni mwanamke kijana, hakuwajua hata mmoja wao, lakini aliwapokea kwa heshima zote. Mama Kistari akaomba kuona maabara ya kemia. Ikabidi ufunguo utafutwe. Ndani kulikuwa na madawati mabovu yamepangwa hadi darini. Masinki yamekauka. Rangi ile ya likizo imebanduka ukutani. Darasa la pili kutoka hapo, wanafunzi walikuwa wanajifunza kemia kwa kuchorewa ubaoni: chupa ya chaki, moto wa chaki.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mimi nimeikuta hivi, mama. Wanasema ni tangu mwaka ule walimu walipochukuliwa."

"Na wale mliorudishiwa je?"

"Kina nani?"

Hapo ndipo yalipotoka makubwa. Ndani ya sera ile kulikuwa na kifungu cha mwisho. Kilisema kila mahali palipotoa mtumishi parudishiwe mwingine baada ya miaka mitano, vyuo vikishatoa wapya. Alikiandika yeye. Kilipitishwa. Na hakuna aliyekitekeleza. Mwalimu mkuu huyu hakuwahi kukisikia. Mdogo wake mwenyewe hakuwahi kukisikia, kwa sababu alitumiwa barua na hakutumiwa mtu wa kumweleza. Vyuo vilishatoa walimu wapya, ofisi ikawapanga kwingine. Na yeye, mama aliyehesabu kila kitu, katika fomu zake zote hakuwahi kuuliza swali hilo: waliotoa, wamerudishiwa? Alipostaafu alikuwa na hakika kwamba wamerudishiwa.

Pale pale mlangoni akageuza kiti kumtazama mdogo wake. Kisha akasema, na haya ni maneno yake kama mdogo wake alivyoyashika: "Wale wawili ningewachukua tena. Kule walihitajika zaidi. Lakini nilipaswa kuja mwenyewe kukwambia, na nilipaswa kurudisha. Nilikuumiza, mdogo wangu, na sikuja kuangalia."

"Nililia," anasema Mwalimu. "Mwalimu mkuu mstaafu mzima, nalia mbele ya wanafunzi walioko mapumziko. Wakawa wanaulizana, babu kapatwa na nini."

Wiki hiyo hiyo wakaandika barua kwa ofisi ya mipango. Dada anasema, mdogo anaandika, kwa kuwa mkono wa dada ulikuwa unatetemeka. Wakagombana mwanzo mpaka mwisho. Mdogo anataka kuandika "tunaomba". Dada anataka "tunadai". Nusu saa kwa neno moja, mpaka fundi saa akawafukuza sebuleni wakabishanie barazani, kwa sababu alikuwa na saa ya mtu mezani na hawezi kusikia inavyogonga. Anasema aliwasikia wakicheka huko nje. Hakuwa amewasikia wakicheka pamoja kwa miaka ishirini.

Barua ikapelekwa. Baada ya hapo Mama Kistari aliishi wiki nne.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba yangu mimi niliyefundishwa adabu hewani, natoa pole kwa mzee wetu fundi saa. Pole, baba, nyumba imekuwa kimya. Pole kwa binti yetu mfamasia na wanawe. Pole kwa Mwalimu. Pole kwa makarani wa chumba namba tisa, waliopo na waliostaafu. Mungu ampokee mama yetu kwa wema, awape na ninyi subira.

Nasi tuliobaki tutafakari. Wengi wetu ni wepesi wa kusema wa mbali wapewe, ni haki yao, na kweli ni haki yao. Lakini kitu kinapotolewa kwa mmoja kupelekwa kwa mwingine, kuna mlango wa pili wa kubisha, wa yule aliyepunguziwa. Ni mlango mgumu, maana nyuma yake unaweza kumkuta ndugu yako. Wewe unayepanga, iwe ni wizara, iwe ni kijiji, iwe ni familia yako mwenyewe, huo mlango umeubisha?

Barua ile leo ina wiki ya sita mezani kwa mkurugenzi, na jibu halijatoka. Bwana Mkurugenzi, kama unatusikiliza, sikulaumu, mafaili ni mengi. Familia imenipa nakala na ruhusa ya kuisoma. Ni fupi. Inasema: "Shule na zahanati mia moja na sita zilitoa watumishi wao ili wengine wapate. Tuliahidi kuzirudishia baada ya miaka mitano. Nimekwenda kuona moja. Haijarudishiwa. Zilizobaki sijui, na sitaki mtu aniambie bila kwenda. Tunadai zirudishiwe zote."

Chini kuna sahihi mbili. Ya kwanza inapanda na kushuka, ni mkono wa mgonjwa. Ya pili imenyooka, ya mwandishi aliyeshuhudia. Mbele ya kila sahihi pana nafasi ya kuandika cheo. Mwalimu mkuu mstaafu hakuandika cheo chake. Ameandika: mdogo wake.